Kuahirisha hadi lini?

"Imeahirishwa hadi itakapotangazwa tena." Sidhani kama yupo mkazi wa Tabora ambaye hajawahi kuambiwa hivyo, iwe mahakamani, kwenye ofisi ya kijiji, kwenye ghala la tumbaku au kwenye kikao cha harusi ya mpwa wake. Kisarufi sentensi haina doa. Kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendwa, kwa hiyo aliyeahirisha hatajwi. "Hadi" ipo, nayo inaleta matumaini kwamba siku inafuata. Badala ya siku kinafuata kitenzi kingine cha kutendwa, na atakayetangaza naye hatajwi. Mtu anakunja barua yake ya wito, anatafuta usafiri wa kurudi Ilolangulu, na njiani akiulizwa "vipi huko?" anajibu "wameahirisha", basi. Ukimuuliza hadi lini, atakushangaa wewe.

Ninachotaka kuchambua leo ni kitenzi cha Kiingereza kilichojificha nyuma ya sentensi hiyo. Wanasheria, makarani na wabunge wetu wamezoea kukitafsiri kwa "ahirisha", na Waingereza wanakiandika "adjourn". Ni kitenzi cha suti na tai. Mwingereza hakitumii anapoacha kufua nguo kwa sababu mvua imeanza. Kinaishi mahakamani, bungeni, kwenye mikutano ya wanahisa na katika mihtasari ya vikao, na huko kina kazi moja ambayo ninaona sisi tumeiacha bandarini tulipokishusha.

Kimetoka Kifaransa cha kale, "ajourner", na hicho kiliundwa kwa maneno mawili, "à jorn", yaani kwa siku, siku iliyotajwa. "Jorn" ilitokana na Kilatini "diurnum", na mzizi wa yote ni "dies", siku. Waingereza walikipokea katika karne ya 14 wakikiandika bila d. Herufi hiyo ilipachikwa baadaye na wasomi waliotaka neno lionekane limetoka moja kwa moja kwenye Kilatini. Wasomi wa kila nchi wana udhaifu huo.

Kwa hiyo maana ya awali haikuwa kusogeza jambo mbele. Ilikuwa kumpangia mtu siku ya kufika. Aliyefanyiwa kitendo hicho aliondoka na kitu ambacho hakuwa nacho alipoingia. Kusimama kwa shughuli ya leo kulikuwa matokeo tu: kama shauri litaendelea Jumanne ijayo, ni wazi leo haliendelei. Uzito wote wa neno ulikaa kwenye hiyo Jumanne.

Ndugu za kitenzi hiki wanathibitisha. "Journal" kilikuwa kitabu cha mambo ya kila siku, ndiyo maana mwandishi wa habari anaitwa "journalist". "Journey", ambayo leo ni safari ya aina yoyote, ilikuwa mwendo wa siku moja. Hili mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa mara mbili. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, njia ya misafara kutoka pwani kwenda Ujiji ilipita katika mji huu, na umbali ulihesabiwa kwa siku za mwendo na kambi za kulala. Stanley alipomwacha Livingstone pale Kwihara mwezi Machi 1872 akaenda pwani kumtafutia wapagazi, mzee yule alikaa tembeni hadi tarehe 25 Agosti. Alijua anasubiri nini. Siku hakuna aliyeweza kumpa.

Kwa Wafaransa wa leo neno lenyewe limechakaa, "ajourner" ni kuahirisha tu kama kwetu. Lakini ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye vyuo vya Kongo, mwanafunzi ambaye hakufikisha alama huandikiwa "ajourné". Hakuandikiwa kwamba amefeli. Ameambiwa aje siku nyingine, kwenye awamu ya pili ya mitihani. Mkongomani yeyote aliyepita chuoni, na Kigoma hawakosekani, anajua jinsi neno hilo linavyouma, na anajua pia kwamba lina siku ndani yake.

Sasa tugeukie "ahirisha". Asili yake ni Kiarabu, "akhkhara", kuchelewesha, kuweka nyuma, na ukoo wake unafahamika hata kwa asiyesoma Kiarabu, maana humo humo ndimo ilimotoka akhera. Ndiyo, kesi iliyoahirishwa na maisha ya baada ya kifo ni ndugu wa damu. Wapo wadai wa viwanja ambao hawatacheka wakisoma hapa. Kiarabu kina kitenzi kingine cha kazi hiyo, "ajjala", kilichotoka kwenye "ajal", muda uliowekwa. Hicho kingetufaa zaidi, kwa sababu kimebeba miadi tumboni kama kile cha Kifaransa. Kiswahili kiliacha kitenzi kikachukua nomino, na nomino yenyewe ikawa "ajali": kwanza siku ya kufa aliyoandikiwa mtu, kisha basi lililopinduka.

Pacha wa kweli wa "ahirisha" kwa Kiingereza ni "postpone", ambayo kwa Kilatini ni kuweka baadaye. Hao wawili wanalingana vizuri, sina ugomvi nao. Ugomvi unaanza pale neno letu moja linapobebeshwa vitenzi viwili ambavyo wenyewe wanavitofautisha. "Postpone" ni ya jambo ambalo bado halijaanza: harusi iliyokuwa ya Juni ikapelekwa Agosti kwa sababu mahari haijakamilika. "Adjourn" ni ya jambo lililokwisha kufunguliwa: shauri ambalo mashahidi wawili wameshazungumza, mkutano ambao ajenda tatu zimeshapita. La kwanza linasogezwa lote. La pili linasimamishwa likiwa limeshika mahali pake, na likirudi linaanzia hapo hapo.

Wacheza chesi walilielewa hili kuliko mahakimu. Zamani mchezo ukikatishwa usiku, mchezaji mwenye zamu aliandika hatua yake kwenye karatasi, karatasi ikafungwa ndani ya bahasha, na walipokutana tena bahasha ikafunguliwa na mchezo ukaendelea. Mchezo wa mwisho wa Fischer na Spassky, waliokuwa wakigombea ubingwa wa dunia pale Reykjavik mwaka 1972, uliahirishwa kwa utaratibu huo, na siku iliyofuata, tarehe 1 Septemba, Spassky akapiga simu kukubali kushindwa. Bahasha hizo ziliachwa katika miaka ya 1990 kwa kuwa kompyuta zilianza kufikiri kwa niaba ya wachezaji usiku kucha. Lakini angalia kilichokuwa kinahifadhiwa: kila kete mahali pake, saa ya kila mmoja ilipofikia, na zamu ni ya nani.

Kwetu kikao kilichoahirishwa kikirudi kinaanza na utambulisho.

Na kabla sijashutumiwa kwamba nawasujudia Waingereza, niseme wazi kuwa nao wamekivuruga kitenzi chao. Wanayo istilahi, "adjourn sine die", na "sine die" ni Kilatini cha "bila siku". Ukiirudisha kwenye mizizi yake unapata kitu cha ajabu: kumpangia mtu siku bila siku. Bungeni kwao waligeuza hoja ya kuahirisha kuwa mlango wa nyuma, mbunge akisimama kuomba Bunge liahirishwe anachotaka hasa ni nafasi ya kusema jambo lolote bila kufungwa na ajenda. Tarehe 7 na 8 Mei 1940 walijadili kushindwa kwao kijeshi nchini Norway chini ya hoja ya namna hiyo. Kura zilikuwa 281 kwa 200, serikali ikashinda kwa hesabu na kushindwa kwa heshima, na tarehe 10 Waziri Mkuu Chamberlain akajiuzulu, Churchill akaingia mahali pake. Hoja ilisema "tuahirishe". Hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda kulala. Wamarekani, ambao hawakuwaamini wanasiasa wao tangu mwanzo, waliandika katika Katiba kwamba wakati wa kikao, nyumba moja ya Bunge haiwezi kuahirisha kwa zaidi ya siku tatu bila ridhaa ya nyingine.

Bunge letu, kwa haki yake, linataja siku. Kila jioni anayekalia kiti huahirisha shughuli hadi kesho saa tatu asubuhi, na mwisho wa mkutano Waziri Mkuu hutoa hotuba ya kuahirisha ambayo kwa kawaida inagusa kila kitu, kuanzia pembejeo mpaka barabara. Hotuba ndefu, lakini tarehe ya kurudi inajulikana.

Sheria nayo imejitahidi. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, katika Amri ya 17, inairuhusu mahakama kuahirisha shauri pale sababu ya kutosha inapoonyeshwa, na papo hapo inaitaka ipange siku ya kuendelea kulisikiliza. Inaenda mbali zaidi: ushahidi ukishaanza kusikilizwa, usikilizwaji unapaswa kuendelea siku hadi siku mpaka mashahidi waliofika waishe, isipokuwa kuna sababu ambayo hakimu ataiandika. Siku hadi siku. Yule Mfaransa wa kale angeisoma amri hiyo akaridhika. Na Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi.

Basi kilio kinatoka wapi? Kinatoka kwenye siku yenyewe. Watu hawalalamiki tu kwamba hawapewi tarehe, wanalalamika kwamba wanapewa nyingi. Ndipo mtaa ukatunga usemi wake: kesi "imepigwa kalenda". Naupenda usemi huu kuliko tafsiri zote za kamusi. Ofisi inasema "imeahirishwa", neno lenye akhera ndani yake. Mtaa unasema kalenda, na bila kumuuliza Mfaransa yeyote umeirudisha siku kwenye kitenzi. Tena kalenda yenyewe ni ya Kilatini, siku ya kwanza ya mwezi ambayo Warumi walidaiana. Daftari la mkopeshaji liliitwa "kalendarium". Anayesema kesi yake imepigwa kalenda anasema, kwa usahihi ambao hakuukusudia, kwamba anadai na halipwi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani dawa ni kutaja tarehe tu. Mshtakiwa aliye mahabusu kwa kawaida huletwa mahakamani kila baada ya siku 14 ili kesi yake "itajwe". Tarehe ipo, gari la magereza lipo, karani yupo, na mwisho wa siku kilichofanyika ni kupata tarehe nyingine. Tofauti kati ya kesi kutajwa na kesi kusikilizwa inajulikana na kila mwanasheria, lakini mama aliyetoka Sikonge na shahidi wake, akalipa nauli za watu wawili, hakuambiwa mapema anakuja kwenye ipi. "Adjourn" ya asili ilimpa mtu siku ya kufika mbele ya baraza kwa shughuli inayojulikana. Tukiichukua siku tukaiacha shughuli, tumepata kalenda ya ukutani.

Nenda sasa kijijini, ambako maneno haya hayana wanasheria wa kuyapamba. Mkutano mkuu umeitwa, akidi haijatimia, jua limepanda, mwenyekiti anasimama: "Ndugu wananchi, kwa kuwa hatujatimia, mkutano umeahirishwa hadi mtakapotangaziwa." Wazee wanainuka, kina mama wanajifunga vitenge upya, na wale thelathini waliokuja kwa wakati wanaadhibiwa kwa niaba ya mia mbili ambao hawakuja. Wengi wanaamini mkutano usio na akidi hauna uwezo wa kufanya lolote. Kanuni za vikao za Henry Martyn Robert, zilizochapwa Marekani mwaka 1876 na ambazo vyama vingi duniani vimeziiga, zina jibu zuri hapa: mkutano usio na akidi hauwezi kupitisha bajeti wala kuchagua kiongozi, lakini unaweza kupanga siku na saa ya kukutana tena. Yaani uwezo wote unaweza kuondoka, uwezo wa kutaja siku ukabaki. Hao thelathini walioketi chini ya mwembe wana mamlaka ya kusema "Jumamosi, saa nne, hapa hapa", kisha kila mmoja akaenda kumwambia jirani. Mimi nadhani wangetimia hiyo Jumamosi. Wasiotimia ni wale wanaosubiri kutangaziwa.

Na mahali ambapo siku isiyotajwa inaumiza mfuko moja kwa moja ni kwenye soko la tumbaku. Mkulima wa Urambo au Kaliua amekausha majani, ameyapanga kwa madaraja, amefunga marobota, ameyapeleka ghala la chama cha msingi. Soko likiahirishwa bila siku, jani halijui kwamba limeahirishwa. Likipata unyevu linaota ukungu, likikauka kupita kiasi linavunjika na kupungua uzito, na siku mnunuzi atakapokuja, daraja aliloliona mkulima nyumbani silo atakaloandikiwa. Mwenye kuahirisha hapati hasara hata shilingi. Angetakiwa kutaja tarehe, angalau mkulima angejua afungue marobota ayaangalie au ayaache.

Wanaojua kuahirisha katika kanda hii, kwa maoni yangu, ni wavuvi wa dagaa wa Kigoma. Wanavua usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu mwanga wa taa haufui dafu, kwa hiyo kazi inasimama. Pale Kibirizi hakuna anayebandika tangazo. Nyavu zinashonwa, mashine zinatengenezwa, watu wanasalimia kwao, na kila mmoja, kuanzia mwenye chombo mpaka mchuuzi anayesubiri kuanika, anajua giza linarudi usiku gani. Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika mwaka 2024 ili samaki wazaliane, ilitaja siku zote mbili, 15 Mei na 15 Agosti. Watu walinung'unika, na walikuwa na sababu, miezi mitatu si mchezo kwa mtu anayekula alichovua jana. Lakini manung'uniko yale yalikuwa ya watu wanaohesabu siku. Mtu anayehesabu anaweza kukopa, kulima bustani au kwenda kwa shemeji. Asiye na cha kuhesabu anakaa tu.

Tangu mwaka 2021, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Maana yake kitenzi hiki kinakuja kutafsiriwa tena na tena, sheria kwa sheria, na wapo watakaotaka kubuni neno jipya. Siwaungi mkono. "Ahirisha" imeshazoeleka kutoka Ujiji hadi Unguja, na neno la kubuniwa mezani hubaki mezani. Pia miadi tunayo, neno zuri ambalo tumeliachia wapenzi na madaktari wa meno. Ninachoomba kwa watafsiri ni kidogo: wasiache "ahirisha" itembee peke yake. Kila inapoingia kwenye kifungu iwe na mtendaji mbele yake na siku nyuma yake, pamoja na kazi ya siku hiyo. "Hakimu ataahirisha shauri na kutaja hapo hapo siku ya miadi na kitakachofanyika siku hiyo." Sentensi imerefuka, ni kweli. Karani atalalamika kuhusu nafasi kwenye fomu, na fomu zinaweza kuchapwa upya. Kauli ya kutendwa ningeiondoa kabisa kwenye amri za namna hii, kwa sababu ndiyo inayomruhusu mtu kuahirisha akiwa hayupo.

Imebaki matumizi moja ya "adjourn" ambayo sijayagusa, na ndiyo Waingereza wenyewe huyatumia kwa utani: kuhama kwa pamoja kutoka mahali pa kazi kwenda mahali pa kustarehe. Kamati imemaliza, inahamia kwenye meza ya vinywaji. Kwa maana hii kamati za harusi za Tabora haziwezi kufundishwa na mtu. Mweka hazina anaposema hesabu tutaziangalia kikao kijacho, hakuna anayeuliza ni lini, lakini mwenyekiti akisema mishikaki iko tayari kwa jirani, akidi inatimia kabla hajakaa.